Ugomvi wa Meza ya Vampaya: Dalili, Chanzo na Tiba

Jumapili moja mwenye nyumba alitugongea mlango hapa Kansanga. Alikuwa amemsikia Zuhura kupitia dirishani akisema kwa sauti, "Nimemnyonya nne, amebaki na mbili, zamu ijayo namaliza." Mzee wa watu ana sababu zake. Kampala hii ilijaa uvumi wa bazimamoto enzi za mkoloni, watu waliosemekana kukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Kwao Zuhura, Mombasa, waliitwa mumiani. Tukamwonyesha kadi. Akaziangalia moja moja, akauliza kama kuna pesa inachezewa, akaambiwa hapana, akaenda zake.

Mchezo wenyewe ni Vampire: The Eternal Struggle. Aliyeubuni ni Richard Garfield. Ulitoka mwaka 1994 kwa jina la Jyhad, mwaka uliofuata ukabadilishwa jina, na tangu 2018 unachapishwa na Black Chantry Productions. Watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja na akiba ya 30 na kadi 7 mkononi, na vampaya wake kazi yao kubwa ni kumnyonya akiba aliye kushoto. Huyo wa kushoto ni windo lako, wa kulia ni mwindaji wako. Akiba ikifika sifuri umetoka.

Meza yetu ni mchanganyiko: Wakenya na Watanzania waliokuja kusoma, Baraka wa Goma, na Otim ambaye Kiswahili alikiokota kambini, baba yake akiwa mwanajeshi. Mimi ndiye mwenye daftari. Kila ubishi uliotukwamisha niliuandika, na baada ya muda nikaona ni ule ule unaorudi umebadili nguo. Ni nadra watu kubishana kadi inafanya nini. Wanabishana inafanya lini, na kibaraka anayeitumia yuko katika hali gani. Ndiyo maana nimepanga haya kwa dalili, yaani ile kelele utakayoisikia mezani, kisha vyanzo kuanzia kile kinachotokea mara nyingi.

Kadi zimeandikwa Kiingereza, ila mezani tuna maneno yetu. Kadi iliyogeuzwa ubavu imelala. Iliyo wima imesimama. Vampaya na washirika wake wote ni vibaraka. Uwezo wa kupita bila kuonekana tunauita usiri, na uwezo wa kumwona anayepita, bila shaka, udaku. Aliyepigwa hadi akaondolewa uwanjani bila kufa amezirai. Kile kitu kimoja cha katikati ya meza ambacho kila mtu anakitaka tunakiita Ubabe: ukimnyonya mtu hata moja tu unakichukua, na kikiwa kwako mwanzo wa zamu yako kinakupa akiba moja.

Kabla ya dalili yoyote

Usianze kubishana kabla hujafanya mambo matatu, na yote hayachukui nusu dakika. Soma sentensi nzima ya kadi kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho, maana wengi husoma mstari wa kwanza na kuishia hapo. Kisha tazama alama za nguvu pembeni mwa kadi: mraba ni kiwango cha kawaida, almasi ni cha juu, na maandishi yake hayafanani. Vampaya mwenye almasi anaweza kuchagua kutumia maandishi ya mraba. Mwenye mraba hawezi kupanda. Mwisho, ulizaneni, "Tuko wapi?" Je, tendo limetangazwa tu, au kuzuia kumekwisha, au tuko ndani ya pigano? Hapo pekee nimeona ugomvi mwingi ukifa wenyewe.

Dalili: "Kadi yake imelala, mbona anapiga kura?"

Hii ndiyo iliyojaza kurasa za kwanza za daftari.

Chanzo cha kwanza, na karibu kila mara ndicho: mtu anachanganya kulala na kutokuwa tayari. Katika mchezo huu "tayari" ni mahali, wala si mkao. Vampaya yeyote aliye uwanjani na hajazirai yuko tayari, awe amesimama au amelala. Kulala kunamnyima mambo matatu: kufanya tendo, kuzuia, na kucheza kadi za kujibu. Hakumnyimi kura. Vampaya mwenye cheo cha Prince akilala bado ana kura zake mbili, mwenye cheo cha Justicar ana tatu. Kwa hiyo ukaguzi ni mwepesi: tafuta kwenye kadi au kwenye sheria kama imedai kibaraka aliye tayari tu, au aliye tayari na amesimama. Neno hilo moja la nyongeza ndilo kesi yote.

Chanzo cha pili: mtu amecheza kadi ya kuamsha, kama On the Qui Vive au Wake with Evening's Freshness, na mwenzake anadhani kibaraka amesimama sasa. Hajasimama. Ameruhusiwa tu kujibu na kujaribu kuzuia kana kwamba amesimama. Usiigeuze kadi. Tuliwahi kuigeuza, na zamu mbili baadaye hakuna aliyekumbuka kwa nini yule vampaya alikuwa wima.

Chanzo cha tatu, cha nadra: vampaya amezirai na mwenyewe anataka kumhesabia kura. Hapo hakuna mjadala, hana.

Wakati mko kwenye kura, kagueni na hesabu. Kadi ya siasa iliyoitisha kura inampa mwenyewe kura moja. Mchezaji mwingine yeyote anaweza kutupa kadi moja ya siasa kutoka mkononi akapata moja. Mwenye Ubabe anaweza kuuachia akapata moja. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Otim huwa anadai sare ni ya aliyeitisha. Nimemwonyesha kitabu cha sheria mara kadhaa na bado hudai, nadhani sasa ni mazoea tu.

Dalili: "Nimezuia!" "Hujazuia!"

Anza na swali la nani ana haki ya kuzuia. Tendo lililoelekezwa kwa mtu, na kadi huliwekea herufi D, linazuiwa na huyo mlengwa tu. Tendo lisiloelekezwa kwa mtu, kama kwenda kuwinda damu au kuchukua silaha, linaweza kuzuiwa na windo lako au mwindaji wako, na windo ndilo linaloulizwa kwanza. Mchezaji wa ng'ambo ya meza hana lake hapo, hata akiwa na udaku wa kutosha kijiji kizima.

Kama mzuiaji ana haki, tazama hesabu. Udaku ukiwa sawa na usiri au kuuzidi, kuzuia kumefaulu. Wageni wengi hukosea hapa kwa kudhani ni lazima uzidi. Kunyonya kwa kawaida kuna usiri sifuri, kwa hiyo kibaraka yeyote aliyesimama wa mlengwa, hata asiye na udaku wowote, anazuia. Kuwinda, kuchukua silaha na kuajiri vina usiri wa 1 tangu mwanzo.

Baada ya hapo kuna kosa la kurundika. Huwezi kucheza kadi ya usiri kabla hujaihitaji, yaani mpaka kuwe na mtu anajaribu kukuzuia na hesabu yake inafaulu. Na mzuiaji vilevile hachezi kadi ya udaku ilhali tayari anafaulu. Inakwenda kwa kupokezana: nazuia, naongeza usiri, naongeza udaku, naongeza tena. Zaidi ya hayo, kibaraka yule yule hachezi kadi ya jina lile lile mara mbili ndani ya tendo moja. Ukiona mtu ameshusha kadi mbili zinazofanana mfululizo, ya pili inarudi mkononi kabla hajachota nyingine. Na kuchota ni papo hapo: ukicheza kadi unajaza mkono mara moja, isipokuwa kadi yenyewe imesema usubiri. Ndiyo maana makosa hapa yanakuwa magumu kurudisha. Mtu akishachota ameona kitu.

Mzuiaji akikosa anaweza kujaribu tena, kwa kibaraka huyo au mwingine. Lakini akishatamka "sizuii tena", ni ya mwisho. Hatupokei "ngoja kwanza".

Kisha lile swali linalofuata kila tendo lililozuiwa: gharama je? Kadi ya tendo hulipiwa tendo likifaulu. Likizuiwa, kadi inakwenda jivuni, yaani kwenye rundo la zilizotupwa, lakini damu ya vampaya wako inabaki. Kadi za kuongezea tendo na za kujibu ni tofauti, hizo hulipiwa pale pale zinapochezwa, na usiri ulioulipia hurudishiwi hata ukizuiwa baadaye.

Dalili: "Nilikuwa nakungoja wewe!"

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuhukumu vibaya.

Vampaya wa Baraka alikwenda kumnyonya Otim, kiasi cha 1. Otim akasema, "Sizuii." Kimya. Baraka anamtazama Otim, Otim anatazama maharage yake ya akiba (ndiyo tunayohesabia), na wote wawili wana kadi mkononi. Otim akavuta haragwe moja kulirudisha bakulini, na kabla halijafika Baraka akashusha Conditioning ya kuongeza kiasi cha kunyonya.

"Ssebo, umeshapita," Otim akasema.

"Sijapita. Nilikuwa nakungoja wewe."

Kanuni iko wazi. Kila mara ambapo wachezaji wawili au zaidi wanaweza kucheza kitu, mwenye tendo ana nafasi ya kwanza. Akisema hana, nafasi inakwenda kwa mlengwa, kisha inazunguka meza. Mtu yeyote akicheza chochote, mwenye tendo anapata tena nafasi ya kwanza. Wote wakipita mfululizo, tendo limetimia. Kwa hiyo Baraka hana haki ya kungoja aone Otim atafanya nini ndipo aongeze: akipita na Otim naye akipita, ni 1 na basi. Ila Otim akicheza kadi ya kuelekeza kwingine, mlango unafunguka tena na Baraka anaweza kuongeza akitaka.

Siku ile nilimpa Otim haki. Leo nisingempa. Baraka hakuwa amesema amepita, alikuwa amekaa kimya tu, na kimya si kauli. Tangu hapo mwenye tendo kwetu lazima atamke "nimemaliza", na mlengwa asiguse akiba kabla ya neno hilo. Ugomvi wa aina hii haujarudi daftarini.

Chanzo cha pili cha kelele hii ni kuchanganya kadi za kunyonya. Nyingi za kuongeza kiasi zina neno linaloziwekea kikomo, usiweze kurundika mbili za namna hiyo katika tendo moja. Soma mwisho wa mstari.

Dalili: "Nimemwelekeza kwa jirani, sasa nani anapata nini?"

Kadi kama Deflection humgeuza mnyonyaji aende kwa mchezaji mwingine. Maswali huja manne, kwa mfuatano ule ule.

Inachezwa lini? Baada ya kuzuia kukataliwa. Mtu anayeicheza kabla ya kutamka "sizuii" amewahi mno.

Nani anaweza kulengwa? Yeyote isipokuwa mwenye kibaraka anayenyonya. Kumrudishia mwenyewe hakuna.

Mlengwa mpya anaweza kuzuia? Ndiyo. Kwake tendo limefika sasa hivi, kwa hiyo anaulizwa kama mlengwa mwingine yeyote, na akiwa na kadi ya kuelekeza anaweza kulisukuma mbele. Wengi hulisahau hili na kumkata mtu akiba bila kumpa nafasi ya kujitetea.

Na faida ni ya nani? Chukua mfano. Zuhura ananyonya kwa 4. Otim, windo lake, anamwelekeza kwa Baraka, aliye windo la Otim. Baraka alikuwa na 3, ametoka. Zuhura anachukua Ubabe, kwa sababu kibaraka wake ndiye aliyenyonya. Lakini pointi moja ya ushindi na akiba 6 ni za Otim, kwa kuwa yeye ndiye mwindaji wa Baraka. Mchezo huu hauulizi nani amemwua. Unauliza nani anakaa kuliani kwake. Zuhura alilalamika jioni nzima kwamba amemfugia mtu kuku.

Kama aliyeelekeza alitumia kiwango cha mraba cha Deflection, vampaya wake analala. Kwa almasi, anabaki amesimama. Tazama hilo kabla zamu haijaendelea, maana ndilo litakaloamua kama anaweza kuzuia tendo linalofuata.

Dalili: "Amekufa!" "Amezirai tu!"

Chanzo kikuu ni kuchukulia damu ya vampaya kama uhai wa michezo mingine, kwamba ikiisha amekufa. Sivyo. Fuata mtiririko huu, na ufuate kwa kuhamisha maharage kweli, si kichwani.

Kwanza, zuia majeraha yanayoweza kuzuiwa kwa kadi. Yaliyobaki ya kawaida, vampaya anayaponya kwa kutoa damu moja kwa kila jeraha, na si hiari, akiwa na damu anatoa. Jeraha la kwanza asiloweza kuponya linamzirisha. Yanayofuata ya kawaida hayaongezi kitu. Vampaya mwenye damu 3 akipigwa majeraha 5 ya kawaida anazirai akiwa na damu sifuri. Hajafa. Akipigwa 15, bado hajafa.

Jeraha kali ni habari nyingine. Haliponyeki kabisa. La kwanza linamzirisha hata akiwa na damu tele. Kuanzia la pili, kila moja anatoa damu moja kuepuka kuteketea, na akikosa, amekwenda jivuni moja kwa moja. Mwenye damu 3 akipigwa makali 2 anazirai akiwa na 2. Akipigwa makali 5: la kwanza limemzirisha, matatu yamekula damu, la tano limemteketeza.

Yakija pamoja, ya kawaida hutangulia. Mfuatano huu si urembo. Vampaya mwenye damu 2 anapigwa ya kawaida 2 na makali 2. Kwa mfuatano sahihi anaponya mawili na kubaki mtupu, jeraha kali la kwanza linamzirisha, la pili hana cha kulilipia: ameteketea. Ukigeuza ukaanza na makali, ungempata amezirai tu. Maharage mawili, na matokeo tofauti kabisa.

Akishazirai, watu hubishana anatokaje. Tendo la kutoka lina gharama ya damu 2 na usiri wa 1. Mwenye damu moja au sifuri hawezi kutoka mwenyewe, na akiwa kule hawezi kwenda kuwinda. Inabidi aokolewe na vampaya mwingine, na zile damu 2 zinaweza kutoka kwa mwokoaji, kwa anayeokolewa, au wakagawana. Na hapa kuna mtego: anayejaribu kutoka akizuiwa hakuna pigano, ila vampaya aliyemzuia anaweza kumla palepale. Baada ya kumla, meza inapiga kura kama mlaji naye ateketezwe. Usisahau kura hiyo hata kama wote mnacheka.

Dalili: ndani ya pigano kila mtu anadai ametangulia

Umbali huamuliwa kabla ya mapigo. Ngumi hufika karibu tu. Mkiwa mbali na huna pigo la mbali, huna kitu. Mapigo ya kawaida hutua kwa pamoja, kwa hiyo wote wawili wanaweza kuzirai, na hakuna cha "nilikuwahi". Pigo lenye haki ya kutangulia hutua kabla ya hayo. Pigo la kumaliza pigano hutangulia yote, kwa umbali wowote, na kukwepa hakulizuii.

Mengine madogo yanayojirudia

Mtu kacheza kadi mbili za mkuu, zile za Master kwa Kiingereza, katika zamu moja. Mara nyingi ya kwanza ilikuwa ile ndogo inayompa nafasi ya pili, basi ni sawa. Kama aliwahi kucheza ya mkuu katika zamu ya mtu mwingine, alikopa. Zamu yake hii anailipa.

Vampaya hana damu, na mwenyewe anataka kuanza kwa kunyonya na wengine. Hapana. Aliye mtupu lazima akawinde, na matendo ya lazima hutangulia.

Kibaraka kanyonya, kasimamishwa kwa Freak Drive, anataka kunyonya tena. Hapana, kunyonya ni mara moja kwa zamu kwa kila kibaraka. Afanye tendo jingine.

Maktaba, yaani rundo la kuchotea kadi, imeisha, na mtu aliyetoka kwenye mchezo mwingine anakusanya kadi zake akidhani ameshindwa. Mrudishe kitini, anacheza na alizo nazo.

Wachezaji wawili wamemleta vampaya yule yule. Wote wawili wanafunikwa, na kila mwanzo wa zamu kila mmoja anatoa akiba moja au anamwachia ateketee. Aliyevumilia humfunua mwanzo wa zamu yake inayofuata. Hili hutokea kwa walio uwanjani tu. Aliye bado hajalipiwa hagombaniwi. Ushauri wangu: ukiwa na akiba chini ya 10, achia. Zuhura na Baraka waliwahi kugombania mmoja mpaka mtu wa tatu akawamaliza wote.

Mchezaji wa kwanza anataka kuhamisha akiba nne kwa vampaya anayemlipia aingie uwanjani, zamu ya kwanza. Wa kwanza ana moja, wa pili mbili, wa tatu tatu, kuanzia wa nne ndiyo nne.

Dalili: "Kadi yangu haisemi hivyo"

Chanzo cha kawaida ni umri wa kadi. Kadi ile ile inaweza kuwa imechapwa mara kadhaa tangu 1994, na maneno yamerekebishwa njiani, hata maneno ya kulaza na kusimamisha yamebadilishwa. Maandishi ya toleo jipya zaidi ndiyo yanayotawala nakala zote, hata ile uliyoshika. Tafuta maandishi ya sasa kwenye simu, msome wote, mwendelee. Ukishafanya hivyo mara moja, andika kikaratasi ukitie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi. Mifuko yenyewe iwe isiyopenya mwanga mgongoni, maana kadi za Jyhad zina mgongo tofauti na ukizichanganya zinajulikana kabla hazijageuzwa.

Chanzo cha pili ni cha hapa kwetu. Kadi halisi hutufikia kwa watu wanaorudi kutoka nje, kwa hiyo seti moja ya mazoezi tuliichapisha Nasser Road, ambako Kampala nzima huchapishia kila kitu kuanzia kadi za harusi. Rangi zilitoka vizuri. Ila alama za nguvu zilitoka zimefifia, mraba na almasi havitofautiki, na tukacheza mwezi mzima vampaya wa kawaida wakitumia nguvu za wakubwa. Kagua alama kabla ya kukata karatasi. Na nakala hizo tunazitumia nyumbani tu.

Pale unapopaswa kuacha na kumwita mwamuzi

Nyumbani, mwenye daftari anatosha. Lakini kwenye mashindano, au mezani penye ubishi uliopanda, kuna hali ambazo usijaribu kuzitengeneza mwenyewe hata kama una uhakika wa sheria.

Mtu amechota kadi asiyostahili, au ameona kadi ya mwenzake. Kila mtu aweke mkono wake chini, kifudifudi, na asichanganye kitu. Ukichanganya umefuta ushahidi.

Kosa limegunduliwa zamu moja au zaidi baada ya kutokea. Msirudishe mchezo nyuma kwa makubaliano yenu. Kurudisha nusu hudhuru kuliko kuacha, na anayeamua kurudisha au kuacha ni mwamuzi.

Kosa limemtoa mtu mchezoni, au limehamisha zile akiba 6. Mwiteni mwamuzi mara moja, na saa isimame akiruhusu.

Mtu anadai mwenzake amevunja ahadi. Mapatano ya mezani hayalazimishwi na sheria, kwa hiyo mwamuzi hatakusaidia kulipiza. Ila mtu akihisi mwenzake anacheza ili kumpa mwingine ushindi, hilo ni la mwamuzi, lisemwe kwa sauti ya chini na mapema.

Na kadi mbili zinapogongana kwa namna ambayo hata baada ya kusoma maandishi ya sasa pande zote mbili zina hoja, usipige kura ya meza. Meza ya watu watano kila mmoja ana windo lake.

Dalili ya mwisho: umeme umekatika katikati ya pigano

Ni ya kwetu hii, haimo kwenye kitabu chochote. Mwenye zamu atamke hali ilivyo: nani anapigana, umbali gani, nani bado hajapiga. Kila mtu afunike mkono wake kwa kiganja. Mmoja tu awashe tochi ya simu, aielekeze katikati ya meza, si usoni mwa mtu wala juu ya kadi za jirani. Kabla ya kuendelea hesabuni upya akiba ya kila mchezaji na damu ya kila vampaya, mmoja mmoja, kwa sauti, kwa sababu maharage hubiringika, na mara moja tulimkuta vampaya wa Otim ana damu 9 ilhali mwisho wake ni 7. Zile mbili zilikuwa za mchuzi wa jana, zimekauka mezani.